Maji ya Papa

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika ndoa, pale Ngamiani, miaka ya hamsini, nilipolima tuta langu la kwanza la mchicha uani. Mbegu nilinunua sokoni kwa mama mmoja wa Kibondei aliyekuwa akija kutoka Pongwe. Nilikuwa nimesikia kwamba samaki ni mbolea, na jikoni kwetu papa mkavu hakosekani. Basi kila nilipomroweka kabla ya kumpika, maji yake niliyamwaga tutani, nikijiona mjuzi.

Mchicha uliota, ukanyauka. Nikapanda tena, ukanyauka tena. Sikujilaumu hata kidogo. Nilijitanda kanga, nikaenda sokoni, nikamwambia yule mama mbele ya wateja wake kwamba ni laghai, anauza mbegu zilizokufa. Alimwomba jirani yake amwangalizie biashara, akanifuata nyumbani.

Uani aliinama, akachota udongo kidogo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Kisha akaiona sufuria kando ya mlango wa jiko, vipande vya papa vimerowekwa ndani. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa ukumbini, anasikia kila kitu. Yule mama akanisogelea sikioni.

"Mwanangu, papa ana chumvi. Lima tuta jingine, umwagie maji ya kuoshea mchele."

Kosa langu alininong'oneza. Lake, ambalo hakuwa nalo, nilikuwa nimelitangazia soko zima.