Bao Lililofungwa Wakati wa Sala

Mwalimu Jerotich alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukaa kitako mchana kutwa isipokuwa kanisani. Kwa hiyo daktari alipomfanyia upasuaji wa goti, kisha akamwambia apumzike wiki nane, alimtazama yule daktari kama anavyomtazama mtoto aliyekuja bila kazi ya nyumbani.

"Wiki nane nikifanya nini?"

"Ukikaa, Mwalimu."

Akarudi nyumbani kwake mtaani Free Area, akakaa. Kufikia siku ya tatu alikuwa amefuma vitambaa vya viti vyote, cha redio, na hata cha jagi la maji. Siku ya tano akaanza kusahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu. Mwanawe Kiplimo, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha mbao huko Elburgon, alipokuja kumwona Jumapili akakuta tangazo la mbolea limepewa alama nne kwa kumi, alijua hali si nzuri. Wikendi iliyofuata alirudi na mashine yake ya gemu na pad mbili za kuchezea, akaiunganisha na runinga na kumwekea mamake pad moja mkononi.

"Mathe, hii itakusaidia kusukuma siku. Kule kwangu stima inapotea kila saa, mashine inakaa tu."

"Mimi nicheze gemu? Watu wakinipata?"

"Si wewe ni mgonjwa? Sema ni dawa."

Kiplimo alipoondoka, Jerotich aliifunika ile mashine kwa kitambaa kipya chenye maua ya njano, kisha akaiwasha. Baada ya nusu saa ikaanza kunguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Alimpigia mwanawe simu kumwarifu kwamba mashine yake ina pumu.

"Mama, umeifunika?"

"Nimeivalisha."

"Ivue, tafadhali. Inapumulia huko."

Akaivua, ikatulia, na wakaanza kuelewana.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa ukulima. Jerotich alizaliwa Ndabibi, akakua akikamua ng'ombe kabla ya kwenda shule, kwa hiyo alidhani hapo atakuwa nyumbani. Robo saa haikuisha kabla hajakasirika. Mahindi yalikomaa akiwa bado anatafuta kitufe cha kupalilia. Ng'ombe alikamuliwa amesimama juani, hajapewa hata konzi ya nyasi, wala kiwele hakijaoshwa, na bado hakupiga teke. Isitoshe, mvua ilinyesha siku ile ile iliyotabiriwa. Jerotich alilivuta kwa mkongojo daftari lake la zamani la ripoti za wanafunzi kutoka juu ya kabati, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Ukulima. Anachora vizuri. Hajawahi kuona ng'ombe. Alama 45.*

Akahamia mbio za magari. Pale mwanzo aliwaacha wenzake watangulie kwa sababu walionekana wana haraka. Alikaa upande wake wa barabara, akapunguza mwendo kwenye kila kona, na alipofika mwisho washindi walikuwa wameshavishwa medali na wenye viti wanavikunja. *Magari. Nimeendesha safari nzima bila kugonga mtu wala kuku, naambiwa nimeshindwa. Mzazi aje shuleni. Alama 20.*

Ule aliopenda Kiplimo kuliko yote ulikuwa wa jambazi mmoja aliyepanda farasi, mwenye ndevu na bunduki mbili, ambaye kazi yake ilikuwa kuvamia benki. Jerotich aligundua kwamba kulikuwa na kitufe cha kusalimia. Kwa siku nne lile jambazi lilitembea mji mzima likisalimia watu duka kwa duka, likaoga mara mbili kwa siku, likamsugua farasi mpaka akang'aa. Siku moja lilimkanyaga mama mmoja kwa bahati mbaya, na Jerotich akalipeleka mwenyewe hadi kituo cha polisi, likalala ndani. *Kijana ana moyo mzuri. Ameingia kundi baya tu. Alama 71.*

Mpira wa miguu ndio uliomnasa Mzee Ogada.

Ogada alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Baba yake alifanya kazi karakana ya reli, na yeye pia akafanya kazi huko mpaka alipostaafu. Alikuja kumjulia mgonjwa hali akiwa na ndizi kwenye mfuko wa karatasi, akasema hatakaa, ana haraka. Aliondoka saa kumi na mbili jioni. Kesho yake alikuja kabla vyombo vya chai havijaoshwa, amevaa miwani ya kusomea.

"Mwalimu, ile mechi ya jana nilikuwa napima uwanja tu."

Walicheza kila siku. Jerotich alijua kitufe kimoja, cha kupiga mkwaju, na alikitumia popote alipo. Lakini aliwasimamia wachezaji wake kwa mdomo. "Namba saba, unaenda wapi? Nimekuambia utoke?" Mchezaji wake akimchezea mtu vibaya, alimtoa nje yeye mwenyewe hata kama refa hakuona, na akishamaliza wa akiba wote alinung'unika kwamba nidhamu imeisha duniani. Ogada naye alirudisha mpira nyuma, nyuma, nyuma mpaka kwa kipa, akisema anapanga. Kwa mujibu wa daftari, kufikia wiki ya tano Mwalimu alikuwa ameshinda mara kumi na nne, Ogada kumi na moja.

Alhamisi moja alasiri, Mwalimu akiongoza mabao mawili kwa moja na zimebaki dakika nne, mlango ulibishwa na kufunguliwa kwa pamoja. Akina mama sita wa kanisani waliingia kuliombea goti, Mama Mchungaji akiwa mbele na Biblia kwapani.

Jerotich aliwahi kupunguza sauti ya runinga tu, akaifunika pad yake kwa kitambaa cha kiti. Ogada aliitia yake ndani ya kofia, akaipakata.

"Tusikae sana," alisema Mama Mchungaji. "Tufumbe macho."

Wakafumba. Mama Mchungaji aliliombea goti, akaliombea na lile lingine lisione wivu. Akaombea madaktari, wauguzi, viongozi, mvua ya milima ya Mau, na vijana wasiosikia. Katikati ya vijana wasiosikia, Jerotich alisikia kitu kidogo kikilia: ka, ka-ka, ka. Alifikiri ni bati linaloitikia jua. Ka-ka-ka. Miaka thelathini na minne ya kusimamia mitihani ikaamka ndani yake, akafumbua jicho moja.

Ogada alikuwa ameinamisha kichwa kama mtakatifu. Kofia ilikuwa inatikisika.

"Amina," walisema akina mama, na kwenye runinga mchezaji wa Ogada alikuwa anateleza kwa magoti kwenye nyasi, mikono hewani. Mbili kwa mbili.

"Ogada," alisema Jerotich kwa ile sauti yake ya darasani. "Mikono juu ya meza."

Mzee wa miaka sitini na minane akaweka mikono juu ya meza. Kofia ilianguka, pad ikabingirika hadi miguuni pa Mama Mchungaji.

Ogada akaanza kujitetea. "Macho nilikuwa nimefumba, Mama. Vidole tu ndio vilikuwa wazi."

"Umemfunga mgonjwa akiombewa?" aliuliza dada mmoja aitwaye Linah.

"Refa hakupiga filimbi!"

Wakaanza kubishana wote kwa wakati mmoja. Linah alisema bao ni bao. Mwingine akasema hapana, mwenye nyumba alikuwa mbele za Mungu, hakuwa mbele ya goli. Jerotich alikuwa anangoja Mama Mchungaji alaani gemu, runinga, na wao wawili. Mama Mchungaji alivuta kiti, akakaa, akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Alikuwa ameotea?"

Wakarudia lile bao polepole, mara mbili. Mama Mchungaji alisogea karibu na kioo mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Hakuotea," alisema. "Lakini bao nimelikataa. Mtarudia Jumamosi saa tisa, sote tukiwa tumefumbua macho."

Jumamosi walikuja kumi na wawili, na chupa tatu za chai na mandazi beseni zima. Ogada alikuwa amenyoa. Alicheza safi, hakurudisha mpira nyuma hata mara moja, akashinda tatu kwa moja. Jerotich aliumia kuliko alivyotarajia. Alikuwa amewapa watu alama maisha yake yote, na sasa amepewa yake mbele ya nusu ya kanisa, kwenye kochi lake. Alimpa mkono, akaandika kwenye daftari: *Ogada. Ana uwezo. Akisimamiwa, haibi.* Ogada aliomba achaniwe ukurasa ule aende nao kwake.

Mama Mchungaji aliomba kushika pad kidogo tu, apime uzito wake. Aliirudisha saa kumi na mbili na robo.

Wiki ya saba Kiplimo alikuja, akaketi, akafungua mchezo wake wa jambazi.

"Mama. Huyu msee alikuwa anatafutwa majimbo matatu."

"Alijisalimisha. Sasa ako na amani."

"Na hii farasi mbona imenona hivi?"

"Inakula."

Kiplimo hakuichukua mashine; alimwachia na gemu nyingine mpya, ya mtu anayezama chini ya bahari kutazama samaki, basi. Hamna adui, hamna saa, hamna alama. Jerotich aliipenda. Hakupata la kusahihisha, na jambo hilo halikumsumbua kama alivyodhani.

Ogada alipokuja Jumatatu alimkuta akishuka taratibu katikati ya samaki wa bluu. Akakaa, akangoja.

"Hii haina bao?"

"Haina."

"Sasa tunashindana nini?"

"Kunyamaza," alisema Jerotich.

Ogada alishindwa kabla dakika haijaisha.