Waya Ndani ya Mpira wa Bustani

Katika miaka thelathini ya ufundi umeme huko Arkansas, Lavonne Tidwell aliwadharau wengi, ila hakuna aliyemdharau kama shemeji yake Royce. Royce alimweka mama mkwe wake, mama yake Lavonne, kwenye nyumba ya magurudumu mwisho wa ua wake, akamvutia umeme futi mia tatu kwa waya mwembamba alioupitisha ndani ya mpira wa kumwagilia bustani na kuufukia ardhini.

"Taa si inawaka, shemeji?" Royce akauliza.

"Inawaka. Kiyoyozi ndicho kinakoroma tu, umeme unaishiwa nguvu njiani. Kwa joto hili la Agosti, Mama anaiva humo kama kiazi."

"Niliangalia video ya kuvuta waya."

"Ungemwangalia na Mama."

Lavonne akamtupia sepetu aufukue waya huo, kisha akaenda kumchukua mama yake akaishi kwake. Mama alikuwa ameshafunga begi tangu asubuhi.