Miguu ya Verna na Mashine ya Presha

Katika mji mzima wa Kivi Harbor, ambako ziwa huganda tangu Desemba na watu hawashangai, mwanamke aliyekwenda kanisani mwezi wa pili akiwa amevaa sandali alikuwa mmoja tu, na jina lake Verna Hautala. Hakuwa na wazimu, ingawa mama mkwe wake alikwenda kaburini akiamini kwamba anao. Alikuwa na miguu. Ndivyo alivyosema mwenyewe kila alipoulizwa: "Nina miguu," basi, na muulizaji ajijazie mwenyewe.

Ugonjwa huo una jina, erithromelalgia, refu kuliko basi alilokuwa akiendesha. Daktari wa kwanza kumtamkia alilisoma kwenye karatasi, tena mara mbili. Miguu ikipata joto kidogo tu, iwe ni la blanketi, la jiko au la soksi nzuri aliyofumiwa na shemeji kwa mapenzi, inavimba, inakuwa myekundu, halafu inawaka kama mtu aliyekanyaga makaa na akaambiwa asiondoke. Kinachoituliza ni baridi. Ndiyo maana kila Jumatano na Jumamosi jioni, mumewe Wendell anapoingia sauna pale nyuma ya nyumba kujichemsha kwa mvuke kama walivyofanya babu zake wote, Verna hukaa nje kwenye ngazi, miguu kwenye theluji, wanazungumza kupitia mlangoni. Ndoa yao ilikuwa na miaka thelathini na nane, na Verna alisema siri yake ni ule mlango.

Kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule. Miaka thelathini na mmoja, barabara ileile, vituo ishirini na viwili. Tundu la hita la upande wake alikuwa amelifunga kwa kadibodi, dirisha lake lilikuwa wazi mwaka mzima, na chini ya usukani alifunga kifeni kilichokuwa kikimpuliza vidole. Watoto waliliita basi hilo Friji. Wazazi, ambao wengi wao walikuwa wamepanda Friji hiyohiyo walipokuwa wadogo, waliwavisha watoto wao soksi mbili na hawakulalamika, kwa sababu Verna hakuwahi hata siku moja kuliingiza basi mtaroni. Dereva wa akiba, Clayton Pelto, alikwishaliingiza mara tatu, na moja ya hizo ilikuwa mwezi wa tano, jua linawaka, barabara kavu, kwa sababu aliona bata mzinga.

Sasa, dereva wa basi la shule hana budi kuwa na cheti cha afya. Bila cheti hakuna usukani. Cha Verna kilikuwa kinaisha Ijumaa, na Jumatatu akaenda kupimwa akiwa hana wasiwasi wowote, anatafuna peremende.

Hakujua kwamba daktari mzee alikuwa amestaafu. Mahali pake alikuwa amekuja kijana mmoja, Daktari Escobedo, kutoka kusini kabisa mwa Texas, ambaye wiki tatu za Kivi Harbor zilikuwa zimemfundisha kuvaa sweta mbili na kuwasha hita kila mahali. Kwenye chumba cha kupimia peke yake zilikuwamo mbili. Verna aliingia, akakaa, na kabla hajavua koti miguu ikaanza.

Daktari akamfunga mkono, akapampu, akatazama, akapampu tena.

"Mama Hautala," akasema polepole, "hii ni mia na themanini na nne kwa mia na kumi na mbili. Hii si presha ya kuendesha basi. Hii ni presha ya kubebwa na gari la wagonjwa."

"Hiyo si presha yangu, ni ya chumba chako. Humu unaoka mikate?"

"Nje ni baridi sana, mama."

"Nje ni pazuri! Hebu nitazame miguu."

Daktari akainama akaitazama, na tumtendee haki, alishtuka. Ilikuwa imeiva. Akasema maumivu nayo hupandisha presha, lakini sheria ni sheria: aliyefikia namba hiyo hapewi cheti mpaka ishuke chini ya mia na arobaini kwa tisini. Akachukua kalamu amwandikie vidonge vya kulegeza mishipa.

"Vya rangi gani?" Verna akauliza.

"Vyeupe."

"Ninavijua. Nilivinywa mwaka wa harusi ya binti yangu. Miguu ilivimba mpaka nikamsindikiza bibi harusi nimekaa kwenye toroli, nimeegesha visigino kwenye barafu ya vinywaji. Hapana, mwanangu. Tafuta vingine."

Daktari akaweka kalamu chini. Vingine vipo, akasema, lakini vitataka majuma kadhaa. "Rudi Ijumaa saa nne. Ikishuka, nitatia sahihi palepale. Isiposhuka, Jumatatu basi litaendeshwa na mwingine."

Verna hakuhitaji kutajiwa huyo mwingine. Alitoka akiwa ameshika viatu mkononi, akasimama kwenye theluji ya uwanjani mpaka vidole vikapoa, na moyo haukupoa.

Wendell, aliyestaafu kiwanda cha karatasi na kuanzia hapo hakuwa na cha kusimamia isipokuwa mkewe, alinunua mashine ya presha siku hiyohiyo. Akaiweka katikati ya meza ya jikoni, penye kikapu cha mkate. Akajipima yeye kwanza.

"Mia na kumi na nane kwa sabini na mbili!" akatangaza, kama mtu aliyevua samaki mkubwa. "Umeona? Mtu wa miaka sitini na sita!"

"Hongera. Nikuletee taji?"

"Lete mkono."

Mkono wake Verna ulitoa mia na hamsini na sita. Wendell akapiga mluzi. Akasema labda ni kahawa. Verna akasema labda ni Wendell. Wakapima tena, ikawa mia na sitini na tatu, na Wendell akakubali kwa shingo upande kwamba huenda ni yeye. Kufika Jumatano alikuwa amempima mara kumi na tisa. Verna alikuwa anaisikia ile mashine ikinguruma hata ikiwa imezimwa.

Jioni hiyo Wendell alipoingia sauna, Verna alikaa kwenye ngazi, akazika miguu kwenye theluji, akampigia simu Doreen.

Doreen Friesen alikuwa Manitoba, ng'ambo ya mpaka. Hawakuwa wamewahi kuonana. Walikutana miaka tisa nyuma katika kikundi cha simu cha watu wenye miguu kama yao, na tangu siku ile hakuna ujanja ambao mmoja aliujua mwingine asiujue. Kifeni cha chini ya usukani kilikuwa akili ya Doreen. Mfuko wa njegere za kugandishwa wa kulalia visigino ulikuwa akili ya Verna, na Wendell hajala njegere mpaka leo, kwani mara moja alipikiwa mfuko usio wenyewe. Kila kilichofaa miguu ya huyu kilifaa miguu ya yule. Hawakuwahi kukosea.

"Shoga, wananinyang'anya basi," Verna akasema.

"Nani? Kwa lipi?"

"Presha. Mia na themanini na nne."

"Mia na themanini! Jamani, mwenye nacho! Mimi wiki iliyopita nilikuwa themanini na nane kwa hamsini. Nilisimama kanisani kuimba ubeti wa pili, nikaamka nimelala juu ya Bwana Loewen na kofia yake imekwisha."

"Nigawie basi kidogo ya kwako."

"Njoo uchukue gunia." Doreen akacheka, halafu akawa makini. "Sikiliza. Mimi nikitaka kwenda kupimwa nina dawa yangu. Ndoo ya maji ya barafu, miguu yote miwili, mpaka kifundoni, dakika kumi. Nikitoka hapo nakwenda mbio kwa daktari. Presha safi kabisa! Ananipigia makofi."

"Dakika kumi tu?"

"Kumi. Na miguu inapata raha yake."

Verna alikata simu akiwa mtu mwingine. Huko ndani Wendell akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukalia, naye Verna akajicheka peke yake kwa furaha. Katika miaka tisa ya kupeana ujanja walikuwa wameigawana miguu mpaka wakasahau kwamba miili iliyobaki juu ya miguu hiyo ni ya watu wawili.

Ijumaa, alipokwisha kuwashusha watoto wa asubuhi, alileta basi mpaka uwanja wa kliniki. Wendell alikuwa anamsubiri na ndoo. Barafu alikuwa ameikata mwenyewe ziwani, pale anapovulia, na hakusahau kusema hivyo mara mbili. Verna akatumbukiza miguu. Kwa sababu jambo lilikuwa kubwa, akakaa dakika kumi na tano badala ya kumi. Halafu akakimbia kliniki, maji yanachuruzika, akaweka mkono mezani kwa daktari kama mtu aliyeshika karata nzuri.

Daktari Escobedo akapampu. Macho yakamtoka.

"Mia na tisini na sita," akanong'ona. "Mama, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi usisimame. Umefanya nini?"

Verna akamweleza habari ya ndoo. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, akapangusa uso, akamwambia kwamba maji ya barafu hukaza mishipa, na mishipa ikikaza presha hupanda. Kwamba hata mtu mwenye miguu mizima ingempanda. Verna alimkazia macho. Akatoa simu palepale.

"Doreen! Ile ndoo yako. Presha yako ikitoka pale hupanda au hushuka?"

"Hupanda, shoga!" Sauti ya Doreen ilijaza chumba. "Inafika mia na kumi! Ndiyo raha yenyewe!" Halafu sauti ikashuka. "Verna? Ee Mungu wangu. Yako ilikuwa ya kushuka."

Wendell, aliyekuwa mlangoni na ndoo, akageuka akautazama ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Daktari naye alikuwa anauma mdomo. Lakini Verna hakucheka. Alikaa pale kati ya zile hita mbili, miguu ikianza kuwaka upya kwa ghadhabu, na machozi yakamtoka mbele ya watu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mazishi ya baba yake.

"Ukinipima hapa naungua," akasema. "Nikitoka kwenye ndoo nimekaza. Nyumbani yupo huyu na mashine yake. Kuna mahali pamoja tu duniani ambapo miguu yangu haiwaki wala haigandi, na ni palepale mnapotaka kunitoa. Kanipimeni kule."

Daktari akafungua mdomo akatae. Kisha akafikiri. Alikuwa mgeni, lakini hakuwa mjinga. Maelekezo yake yalisema mgonjwa akae ameegemea, ametulia, miguu sakafuni, asizungumze. Hayakusema kiti kiwe cha nani.

"Haya," akasema, akaanza kutafuta kofia.

Wakatoka. Verna akapanda kwenye kiti chake, akafungua dirisha, akawasha kifeni, akalaza miguu sakafuni. Daktari akakaa nyuma yake na mashine mapajani, amevaa koti lake na juu yake koti la Wendell. Wendell alikalishwa kiti cha mwisho kabisa na akaapishwa asiseme neno. Robo saa ikapita. Wekundu ukapungua vidoleni, kidogo kidogo, na Verna akafumba macho.

Daktari akampima. Mia na arobaini na nane. Akasubiri dakika tano, meno yanagongana mpaka Wendell akasikia kule nyuma. Akapima tena. Mia na thelathini na nne kwa themanini na mbili. Hakuyaamini macho yake. Akapima mara ya tatu: mia na thelathini na mbili.

"U-u-ulikuwa unafikiri nini?" akauliza, kwa kuwa midomo haikuwa inamtii.

"Nilikuwa njiani," Verna akasema bila kufumbua macho. "Nilianza kituo cha kwanza. Umenikuta cha kumi na saba, kwa kina Ruona. Pale huwa ninangoja. Mtoto wao lazima arudi ndani kufuata begi, na mimi sijawahi kumwacha."

Daktari akamfungua mkono. Halafu akatoa kalamu atie sahihi, na kalamu haikuandika. Wino ulikuwa umeganda. Akaipuliza, akaitia kwapani, ikashindikana. Ikabidi ashuke akimbie kliniki kuandikia kwenye joto lake, na Verna akamfuata taratibu na sandali zake kwenye theluji mpaka dirishani, kwa maana ndani asingeingia tena hata kwa pingu.

Cheti kilitoka kwa upenyo mdogo wa dirisha, na hewa ya moto ikatoka nacho. Kulikuwa na ya kufuata, daktari alisema: vidonge vya aina nyingine, visivyogusa miguu, na kurudi kila mwezi kupimwa. Verna akakubali yote. Alikishika kile cheti kwa mikono miwili.

"Kila mwezi, mama, kwenye basi?" daktari akauliza, akijikumbatia. "Hata mwezi ujao?"

"Kwenye basi," Verna akasema. "Ila uje na soksi mbili. Ndivyo tunavyowaambia abiria wote."