Njiti za Heche

Heche anajua kazi moja kuliko watu wote wa upande huu wa geti la hifadhi la Ikoma, na kazi hiyo ilimpeleka jela miezi sita. Anajua kuchoma nyasi.

Siyo kuchoma hovyo. Mwezi wa sita, nyasi zikiwa na maji kidogo, anang'oa bua moja, analivunja karibu na sikio. Likilia, amechelewa. Likijikunja tu, anasubiri jioni upepo ulale, anachoma ukanda mwembamba kuzunguka kijiji. Kupe wanakufa. Na moto mkubwa wa mwezi wa tisa ukishuka kutoka porini, unakuta hakuna chakula. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake.

Mwaka juzi askari wa pori walimkuta na kiberiti mkononi. Hakimu akamwambia: ukirudia, miaka miwili. Alipokuwa ndani hakuna aliyechoma, na moto wa mwezi wa tisa ukala nyumba tatu, ya kwake ikiwa ya kwanza. Alitoka, akaezeka upya.

Mwaka huu ukaja mradi. Kijana anaitwa Godwin akatuita ofisi ya kijiji kutufundisha jambo jipya: uchomaji wa mapema. Heche alikaa mbele siku tatu, akanywa soda, akaangalia picha za moto ukutani. Alinyoosha mkono mara moja.

"Mwalimu, huu ni mwezi wa nane. Mapema ya nani?"

Watu wakacheka. Godwin akasema mradi ulichelewa kuanza.

"Basi nyasi zingeandikiwa barua, zisubiri."

Majaribio yakapangwa Ijumaa saa nne asubuhi, ili wageni wa mradi wawahi chakula. Heche akasema saa hiyo ndiyo upepo wa huku unaamka. "Mzee, maoni yako tumeyapokea," Godwin alijibu kwa adabu.

Alhamisi jioni Heche alichuchumaa nje ya nyumba yake, bua sikioni. Likalia. Mke wake alikuwa mlangoni.

"Baba Gati, miaka miwili."

"Naijua."

"Mimi sikuletei tena uji jela."

"Nyumba ikiungua, huo uji utaupikia wapi?"

Mama Gati akaingia ndani. Akatoka na ndoo mbili za maji na matawi mabichi. "Anzia upande wa zizi," alisema.

Ijumaa Godwin akawasha, wageni wakapiga picha. Robo saa baadaye moto ukawashinda, ukashuka kijijini unakimbia, ila wageni waliutangulia. Ukafika kwenye ukanda mweusi wa Heche, ukakosa chakula, ukafa. Wageni wakarudi, wakapiga makofi. Godwin akaandika kwamba zoezi limefanikiwa.

Mchana ule Heche alipewa cheti cha kuhitimu uchomaji, kisha askari wa pori akamwandikia kosa la kuchoma. Kiberiti chake kikachukuliwa kuwa kidhibiti cha kesi.

Jumapili Godwin akaja mbio. Moto wa Ijumaa ulikuwa umebaki ukifuka porini, sasa upepo umegeuka kuuleta kijijini, na upande wa magharibi Heche hakuwahi kuuchoma.

"Shikamoo mzee. Tunaomba utusaidie."

"Marahaba. Niko tayari, lakini kiberiti changu kiko kituoni."

"Chukua hiki changu."

"Hicho ndicho kilichokutoroka juzi. Nataka changu, na aliyekichukua akilete."

Saa kumi na moja askari akafika, kiberiti kikiwa ndani ya bahasha yenye namba ya kesi. Heche akavunja bua, akasikiliza. "Tumechelewa, lakini tutachoma ukanda upande unakotoka upepo. Kaeni chini kwanza, upepo ulale." Wakachuchumaa wote, mwalimu na askari.

Mama Gati akauliza, "Afande, na kidhibiti kikiisha?"

Askari alitazama nyumba, halafu nyasi, halafu bahasha. "Bila kidhibiti, mama, mimi nitapeleka nini mahakamani?"

Heche huzunguka kijiji kizima kwa njiti moja. Jioni ile alitumia zote, moja moja, bila haraka, na mwisho akachoma boksi lenyewe.