Shali ya Kibosho Katika Joto la Pasua

Digna alishuka Pasua, Moshi mjini, na mtoto wake Valerian baada ya kumaliza siku za uzazi Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nyumbani kwa mama mkwe, ambako alilishwa mtori, supu nzito ya ndizi, na maziwa bila kuruhusiwa hata kushika ufagio. Kule juu Valerian alilala mchana kutwa. Migomba ilisimama hadi dirishani, chumba kilikuwa na giza, na ubaridi uliingia chini ya mlango asubuhi mpaka jioni. Bibi yake, Mama Mektrida, alimvika kofia ya sufu na soksi, akamfunga ndani ya shali nene, ile ile aliyomfungia Anold, baba wa mtoto, alipokuwa mchanga. Mtoto akalala. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Pasua, chini ya bati, hakulala. Digna alifanya kila kitu kama alivyofundishwa: kofia, soksi, shali, dirisha lifungwe upepo usimpate mtoto. Alisubiri mpaka alie, kisha akazunguka naye kati ya kitanda na cherehani akimtikisa. Mtoto akisinzia na kulazwa, alishtuka mara moja, nywele zimelowa jasho, akaanza upya. Sare za shule alizopewa kushona zilibaki kwenye mfuko. Jioni Anold alirudi kutoka mashamba ya miwa akauliza mtoto ameshindaje. Digna alijibu kwamba ameshinda salama.

Hakuwa na huzuni. Hakuwa na chochote moyoni. Aliutazama mdomo wa mtoto ukifunguka kulia kama mtu anavyotazama mvua ikinyesha upande wa pili wa barabara. Asubuhi mlima ulikuwa wazi juu ya mabati ya majirani, na hakuinua macho.

Katikati ya wiki Mama Mektrida alipiga simu. Alisema atashuka Jumamosi, na kama mtoto bado halali atarudi naye kihambani, kwenye migomba yao, maana huko maziwa hayakosekani, na Digna atapata nafasi ya kushona. Alisema kwa upole. Digna akajibu, sawa, mama. Alipokata simu alitafuta ndani yake mahali panapokataa, hakupaona. Hilo tu ndilo lililomtisha, nalo kwa mbali.

Ijumaa mtoto alicheua maziwa kwenye shali. Digna alimvua vyote, akafua, akaanika. Aliporudi ndani alimkuta kitandani na nepi tu, akijisugua macho, hajaanza kulia. Alijua anapaswa kumbeba. Mikono haikuinuka. Alifungua dirisha kwa ajili ya joto lake mwenyewe, akashusha pazia kwa sababu mwanga ulimuumiza, akaketi sakafuni. Mtoto akanung'unika. Digna aliweka kiganja juu ya tumbo lake, kwa kuwa tu mkono ulikuwa karibu. Manung'uniko yakapungua, yakakatika.

Alidhani amekufa. Akainama, akasikia pumzi, akabaki hapo hapo kando ya kitanda. Shali ilikauka kwenye kamba na hakwenda kuianua. Valerian alipoamka, jua lilikuwa limehama ukuta, na hakulia.

Jumamosi alimlaza vile vile, macho yalipoanza tu kuwa mazito. Mama Mektrida aliingia na chupa ya mtori, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni, shali mkononi. Aliipitia kwenye kamba. Digna alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akitazama kitandani.

"Mtoto wa watu umemmenya kama hindi," alisema.

"Ndivyo anavyolala, mama."

"Atashikwa na kichomi."

Akaikunjua shali. Digna alisimama, akaweka mkono juu ya ile sufu.

"Mwache, mama. Baridi iko kwako. Hapa haipo."

Hakupaza sauti. Mama Mektrida aliingiza vidole nyuma ya shingo ya mjukuu wake. Palikuwa pakavu. Shingo yake mwenyewe ilikuwa ikitiririka jasho. Akaketi kwenye stuli, akafungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, akalivua.

"Kumbe mnaishi ndani ya tanuri," alisema. Akaikunja shali, akaitia kwenye kikapu chake. "Nitakuja nayo mwezi wa sita, baridi ikifika huku."

Kuhusu kumchukua mtoto hakusema tena. Digna alipomweleza jinsi anavyomlaza, alisogeza stuli karibu na kitanda, akaweka kiganja juu ya lile tumbo.

Digna aliifunua cherehani. Alingoja furaha ije, haikuja. Ila alitambua kwamba alikuwa ameushikilia kwa mkono mwingine ule mkono wake uliogusa sufu, kama mtu aliyejikuta ameokota kitu njiani na bado hajakiangalia. Akauachia. Akatunga uzi, akakanyaga taratibu. Valerian aligeuza uso upande wa dirisha, akaendelea kulala.