Mashine Iliyofunikwa Nailoni

Jumatatu, kwenye kaunta ya ofisi moja hapa Amu, Bi mmoja kutoka Siyu aliomba nakala ya rekodi ya shamba lake. Kuna mtu ameanza kulizungushia ukuta.

"Rekodi ziko kwenye kanda za kompyuta, Mama," karani alisema, akiionyesha kompyuta kuukuu ya mfumo wa zamani wa Unix. "Mashine ya kuzisoma iliharibika. Tukaletewa hii mpya, lakini haioani na kompyuta hii."

"Hamkumuuliza aliyekuwa akiiendesha ile ya zamani?"

"Alistaafu. Anakaa Langoni."

"Langoni hapo?"

Karani akatazama dari. "Hakuwa kwenye kamati iliyokwenda Nairobi kuichagua."

Nairobi walipanda ndege. Langoni ni dakika tano kwa miguu. Mashine mpya wameifunika nailoni, isiingie vumbi. Shamba la Bi liko wazi, na ukuta unapanda.