Wiki Tatu za Kumlisha Mama

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu huenda polepole kama wa mtu anayechagua mawe kwenye pojo. Mahali nimekosea herufi, endeleeni tu kusoma, mtaelewa.

Nataka kuandika juu ya wiki tatu kabla mama hajaanza dawa ya kansa. Alikuwa ameshakatwa titi la kushoto. Kidonda kilipona vizuri, na hospitali ya Nairobi ikampa siku ya kuanza ile dawa inayopitishwa kwenye mshipa. Nina miaka kumi na saba. Baba alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo mimi ndiye niliyemsindikiza kutoka kwetu Kanyangi.

Tulidhani tumejitayarisha. Mama alikuwa ameng'olewa meno mawili mabovu, maana walisema dawa ikianza, mdomo usiwe na kidonda. Tulinunua beseni na vitambaa viwili vya kichwa. Na kanisa lilikuwa likimwombea. Tangu alipofanyiwa upasuaji, akina mama walifunga kila Jumatano na Ijumaa. Mama alifunga pamoja nao, kisha akaongeza Jumatatu yake mwenyewe. Kwetu, watu wakishinda na njaa kwa ajili yako, huwezi kukaa jikoni ukitafuna. Ni aibu.

Siku ya kuanza ilipofika, daktari alimpima uzito, damu ikatolewa, tukangoja karatasi.

"Mama, unakula?" daktari akauliza.

"Nakula, daktari."

Akanigeukia mimi. "Anakula?"

Nikaangalia viatu vyangu. Ningemwaibishaje mama mbele ya mtu? 

Daktari alitueleza kwamba damu iko chini na uzito umepungua. Dawa hii ni kali, akimpa hivyo atamuumiza. "Rudini baada ya wiki tatu. Damu ikipanda, tutaanza. Isipopanda tutangoja tena, na huu ugonjwa hautungoji."

Usiku huo tulilala Kilungu, kwa mdogo wake mama. Hapo mama akasema, "Nitaongeza kufunga Jumanne."

Nilijua nikinyamaza tena nitampoteza. Lakini mimi ni mtu wa kujificha nyuma ya ghala wageni wakija. Kuwaambia wamama wa kanisa habari ya kufunga? Nani amenituma?

Tuliporudi Kanyangi, akina mama walikutana kanisani Alhamisi. Walikuwa na kikapu: mwenye haja aliandika kwenye karatasi, mwenyekiti akasoma, wakaomba. Nilikaa kwenye mlango wa jiko tangu asubuhi nikaandika mistari mitatu tu. Daktari amesema mama ale, damu yake ni kidogo. Anafunga siku tatu kwa wiki na anataka kuongeza ya nne. Tafadhali mwambieni, mimi hanisikii. Sikuweka jina. Tulipofika nikaitia kikapuni, nikakaa benchi ya nyuma kabisa.

Mwenyekiti alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Alifungua karatasi yangu, akainua miwani.

"Hizi herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo," alisema. "Hazihitaji jina."

Wakacheka, wakanigeukia wote. Kisha akaisoma kwa sauti, na kicheko kikaisha. Mama akainamisha kichwa.

"Siku hizi watoto ndio wanatufundisha kuomba?" mama mmoja wa mbele akauliza kwa ukali.

"Hafundishi kuomba," mwenyekiti akamjibu. "Anasema tunamwombea mtu apone huku tukimmaliza kwa njaa."

"Hakuna aliyenilazimisha," mama akasema. "Nitakulaje, na nyinyi hamjala kwa sababu yangu?"

"Mwaitu," mwenyekiti akamwita kwa upole, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "yule nabii alipochoka jangwani, malaika alimletea nini? Ratiba ya kufunga?"

"Mkate," mama akajibu.

"Akala?"

"Akala. Mara mbili."

"Sasa wewe umemshinda nabii?"

Hapo mama mwenyewe akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali.

Mwenyekiti akasema kufunga hakutaachwa. Ila kila atakayefunga, chakula ambacho angekula siku hiyo atakileta kwa mama, na mama atakila mbele yake. "Usipokula, njaa yangu imeenda bure," alimwambia. Neno hilo lilimshika mama kuliko yote ya daktari.

Wakaja. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na kunde, mayai, maziwa, ini la mbuzi lililofungwa kwa jani la mgomba. Kutoka Kilungu mama mdogo alituma mapapai. Walikaa kwenye vigoda na matumbo matupu, wakimwangalia mama akitafuna.

"Meza, usiizungushe mdomoni!"

"Mchuzi pia. Huo ndio damu."

"Mnaninenepesha kama fahali wa soko," mama alilalamika.

"Fahali habishani hivi," wakamjibu.

Hata yule mama mkali alikuja, na kibuyu cha uji wa wimbi. Habari ya siku ile hakuitaja. Mama alipotosheka, yule mkali akanipa uliobaki. "Na wewe kunywa, karani."

Tulirudi Nairobi siku ya Jumatano. Daktari aliisoma karatasi, akamwangalia mama, akaisoma tena. Damu ilikuwa imepanda. Dawa ingeanza kesho yake asubuhi. Mimi nililia. Mama aliangalia saa ya ukutani.

"Saa hizi akina mama hawajala," alisema. Akanituma chai na mkate, akala pale kwenye benchi, akaokota hata makombo yaliyoanguka kwenye kanga.

Nawashukuru wanawake wale, na yule daktari aliyekataa kuharakisha. Sasa mama amemaliza dozi ya pili. Nywele zimekwisha, vitambaa vimepata kazi. Baada ya kila dozi, siku ya kwanza na ya pili anakula kidogo. Siku ya tatu hakuna kinachokaa tumboni, hata uji, na wanawake wanarudi na bakuli zao wakiwa na huzuni. Kama wewe unayesoma umemtunza mgonjwa wa namna hii, au umeipitia mwenyewe, tafadhali niandikie ni chakula gani kilikubali siku hiyo ya tatu. Hata mstari mmoja utatosha. Nitawasomea Alhamisi.